Bwawa si Sufuria: Kuvunja na Kujenga Upya Makao ya Samaki Yaliyokomaa, kutoka Tangi la Matumbawe hadi Mabwawa ya Arua na Koboko

Ikisiri

Tangi la maji chumvi lenye matumbawe, linalofugiwa samaki wa mapambo sebuleni, na bwawa la udongo la mkulima mdogo wa Nile Magharibi huonekana kuwa vitu visivyohusiana. Makala haya yanaonyesha kwamba vyote viwili hutawaliwa na kanuni moja: samaki huishi kwa msaada wa viumbe wasioonekana wanaogeuza taka zao, na viumbe hao hupotea makao yanapovunjwa bila utaratibu. Makala yanaanza kwa kueleza jinsi tangi la matumbawe lililokomaa linavyovunjwa na kujengwa upya, kisha yanatumia maelezo hayo kufafanua hatua za kukausha, kukarabati na kupandikiza upya bwawa la samaki katika mazingira ya Arua na Koboko. Hoja kuu ni kwamba hasara kubwa hutokea kati ya siku ya kujaza maji na siku ya kuweka vifaranga, na kwamba lugha tunayotumia, hasa kitenzi “kusafisha”, pamoja na kalenda ya fedha za umma, huchangia hasara hiyo. Makala yanapendekeza istilahi chache za Kiswahili na marekebisho ya ratiba ya ugawaji wa vifaranga.

1.0 Utangulizi

Ufugaji wa samaki nchini Uganda una historia ndefu. Samaki aina ya kapu waliletwa nchini mwaka 1941, na kituo cha majaribio cha Kajjansi, karibu na Kampala, kikaanzishwa mwaka 1947. Tangu hapo wazo la bwawa kama ghala la protini kwa kaya ya kijijini limerudi tena na tena katika mipango ya serikali na ya wafadhili. Katika Nile Magharibi wazo hilo lina uzito wa pekee. Eneo hili linapokea wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwemo wanaoishi katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Bwawa moja linalofanya kazi linaweza kubadilisha mlo wa kaya kadhaa.

Bwawa halidumu bila kukarabatiwa. Baada ya misimu kadhaa tope hujaa, kingo humomonyoka, samaki wadogo wa kuzaliana ovyo hujazana, na magonjwa huweza kuingia. Hapo mkulima hulazimika kutoa maji yote, kuvua samaki wote na kuanza upya. Kazi hiyo huelezwa kwa kawaida kana kwamba ni ya ujenzi: ondoa tope, rekebisha kingo, jaza maji, weka vifaranga. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yanaacha nje jambo muhimu kuliko yote, yaani uhai uliokuwa ndani ya bwawa kabla ya kukaushwa. Ili kuliona jambo hilo kwa uwazi, tunaanza na mfano ambao haumo Nile Magharibi, lakini ambao kanuni yake huonekana bila kificho: tangi la matumbawe.

2.0 Tangi la matumbawe kama kielelezo

2.1 Kinachoishi ndani ya tangi

Mfugaji wa samaki wa baharini anayeishi mbali na bahari hujaza tangi la kioo maji yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, kwa joto la karibu nyuzi 25 za Selsiasi. Ndani yake hupanga mawe yenye vinyweleo vingi yaliyotokana na mifupa ya matumbawe ya kale. Katika makala haya mawe hayo yanaitwa mwamba hai, kwa sababu uso wake na vinyweleo vyake vimejaa bakteria, sifongo na minyoo midogo.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Amonia ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Kundi la kwanza la bakteria, kama vile Nitrosomonas, huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili, kama vile Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana. Ndani kabisa ya mwamba, mahali ambapo oksijeni haifiki, bakteria wengine hugeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka majini na kurudi hewani. Bakteria wa makundi mawili ya kwanza hukua polepole. Tangi jipya huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita kabla ya kuweza kubeba samaki kwa usalama.

Jambo moja ni la msingi kwa hoja yetu: bakteria hawa hawaelei kwa wingi majini. Hukaa juu ya vitu, yaani mwamba, mchanga na kuta. Mtu akibadilisha maji yote ya tangi na kuacha mwamba, amehifadhi sehemu kubwa ya tangi. Akihifadhi maji yote na kuacha mwamba ukauke juani, amelipoteza.

2.2 Kulivunja na kulijenga upya

Kwa sababu hiyo, mfugaji anayehamisha tangi lililokomaa hupanga kazi yake kwa kuutanguliza mwamba. Maji mapya ya chumvi huchanganywa walau siku moja kabla, ili chumvi iyeyuke yote na joto lilingane. Matumbawe hutolewa kwanza na kuwekwa katika vyombo vyenye maji ya tangi lenyewe, kisha mwamba, na samaki hukamatwa mwishoni, wakati hawana tena mahali pa kujificha. Mwamba haukaushwi. Huzamishwa katika maji ya chumvi yanayotembezwa na pampu, kwa sababu ukikauka, sifongo na minyoo hufa, huoza, na kutoa amonia nyingi kuliko ile ambayo bakteria waliobaki wanaweza kuigeuza.

Mchanga wa zamani huleta hatari ya namna nyingine. Katika tabaka zake za chini, zisizo na oksijeni, hujikusanya mabaki ya chakula na kinyesi. Ukichimbuliwa, huachia amonia na gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Wafugaji wenye uzoefu aidha huuosha sana, aidha huuacha na kuweka mpya. Baada ya kujenga upya, samaki huwekwa wachache kwa wachache, hulishwa kidogo, na maji hupimwa kila siku hadi amonia na nitriti zisionekane tena.

Uangalifu huu una sababu za kiuchumi na za kisheria pia. Pwani ya Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo kwa miongo mingi, na matumbawe magumu yote yameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Kinachokufa ndani ya tangi si rahisi kukirudisha, na sehemu ya vinavyonunuliwa badala yake hutoka katika miamba ya bahari.

3.0 Bwawa la Nile Magharibi: kufanana na kutofautiana

Kanuni ya tangi inahamia bwawani, lakini haihamii yote kama ilivyo. Bwawa la udongo lina jua. Katika maji ya bwawa lenye rutuba huishi mwani wa hadubini, unaoyapa maji rangi ya kijani. Mwani huu hunyonya amonia moja kwa moja na kuitumia kama mbolea yake, na mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa wingi kuliko bakteria. Aidha, hutoa oksijeni mchana na ndio mwanzo wa chakula cha asili cha perege. Hivyo, moyo wa tangi ni mwamba, lakini moyo wa bwawa ni mambo mawili kwa pamoja: ukijani wa maji, na tabaka jembamba la juu la tope lenye bakteria. Anayekausha bwawa hupoteza la kwanza lote na kuhatarisha la pili.

Mazingira ya Arua na Koboko yanaongeza masharti yake. La kwanza ni mwinuko. Arua iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 katika usawa wa bahari hushika oksijeni ya karibu miligramu 8.3 kwa lita yanapokuwa yameshiba. Kwa mwinuko wa Arua kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu 7.2. Usiku mwani nao hupumua oksijeni, na kiwango hufika chini kabisa kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo bwawa la huku huanza usiku likiwa na akiba ndogo kuliko bwawa la nyanda za chini lenye joto lilelile.

La pili ni udongo. Udongo mwekundu uliochujwa na mvua kwa muda mrefu huwa na asidi, na maji yake huwa na uwezo mdogo wa kuzuia mabadiliko ya asidi na alkali. Bakteria wanaogeuza gramu moja ya nitrojeni ya amonia kuwa nitrati hutumia takriban gramu 4.6 za oksijeni na kumaliza alkali inayolingana na gramu 7 hivi za kalsiamu kaboneti. Pasipo akiba ya alkali, kazi yao husimama hata kama wapo.

La tatu ni kupanda na kushuka kwa kipimo cha pH ndani ya siku moja. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1. Ikiwa 8, hufika asilimia 5 hivi. Ikiwa 9, huzidi theluthi moja. Maji yenye akiba ndogo ya alkali na mwani mwingi huweza kufika 9 wakati wa alasiri. Hivyo kiasi kilekile cha amonia ambacho hakikudhuru samaki asubuhi huweza kuwaua saa tisa mchana.

4.0 Hatua za kuvunja na kujenga upya bwawa lililokomaa

Kwa ufafanuzi tuchukue bwawa la mita 20 kwa 10 lenye kina cha wastani cha mita 1, yaani mita za mraba 200 na mita za ujazo 200 za maji.

4.1 Kuwahifadhi samaki. Samaki wasilishwe kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuvuliwa, ili matumbo yawe matupu na kinyesi kisichafue vyombo vya kubebea. Samaki wazazi na wale wasiofikia ukubwa wa kuuzwa huhitaji mahali pa kukaa: kizimba cha wavu katika bwawa la jirani ndicho chombo cha gharama ndogo zaidi. Maji yapunguzwe usiku na uvuvi umalizike asubuhi mapema kabla ya joto. Wavu uburutwe wakati bado kuna maji ya kutosha. Kusubiri hadi samaki walale juu ya tope ni kuwazika katika hewa chafu ileile inayotoka kwenye mchanga wa tangi unapochimbuliwa. Kambare huvumilia kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, perege hawezi.

4.2 Kuyaelekeza maji yanayotoka. Vijito vya eneo hili hatimaye humwaga maji yake katika Nile. Mlango wa kutolea maji uwekewe wavu wenye matundu madogo, kwa sababu vifaranga wanaotoroka huchanganyika na samaki wa mtoni. Nile ya Albert ni sehemu ya makazi ya asili ya sato, Oreochromis niloticus. Samaki huyu, pamoja na sangara, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20, na spishi za asili za ziwa hilo zikapungua vibaya, nyingine zikitoweka. Nile Magharibi inasimama upande wa pili wa historia hiyo: hapa ndipo kwenye mbegu ya asili inayostahili kulindwa isichanganywe na mbegu za mashambani.

4.3 Kulitenganisha tope. Tope la bwawa si la aina moja. Tabaka la juu lenye rangi ya kahawia isiyokolea limepata oksijeni na lina bakteria wenye manufaa. Tabaka la chini, jeusi na lenye harufu, limekosa oksijeni. Bwawa liachwe juani hadi sakafu ipasuke nyufa. Hewa ikipenya katika nyufa, tope jeusi hubadilika rangi na taka zake huozeshwa kwa njia isiyo na sumu. Kisha tope lililozidi huondolewa, na sentimita chache huachwa. Tope hilo linaloachwa lina kazi mbili: huhifadhi rutuba, na huziba vinyweleo vya sakafu ili maji yasinywewe na ardhi. Katika bwawa letu la mfano, kila sentimita 10 zinazoondolewa ni mita za ujazo 20 za udongo wenye mbolea. Mahali pake ni shamba la mboga au migomba. Likirundikwa juu ya kingo, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka.

4.4 Chokaa. Ikiwa kulikuwa na ugonjwa, au kambare wamebaki katika madimbwi, chokaa hai hutumika kwa kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, yaani kilo 20 hadi 30 kwa bwawa letu. Chokaa hii huunguza macho na ngozi, na huua bakteria wema pamoja na wabaya. Baada yake ni lazima kusubiri wiki mbili hivi hadi pH ishuke. Pasipo ugonjwa, chokaa ya kilimo hutosha: huongeza akiba ya alkali bila kuua kila kitu. Kutumia chokaa hai kila mwaka kama desturi tu ni kuanza kutoka sifuri kila mwaka.

4.5 Kujaza na kupevusha. Kijito kinachotoa lita moja kwa sekunde hujaza bwawa letu kwa saa 56 hivi. Ni vyema kujaza hadi nusu kwanza, ili jua lifike sakafuni na mwani uote upesi. Samadi iliyokauka huongezwa kidogo kidogo, kwa kuwa ikizidi, kuoza kwake humaliza oksijeni. Hapa ndipo panapohitajika kile tunachokiita mbegu ya maji: ndoo kadhaa za maji ya kijani kutoka katika bwawa la jirani lenye samaki wenye afya, yakichujwa kwa kitambaa ili kuzuia mayai ya samaki, viluwiluwi na wadudu walao vifaranga. Mbegu hiyo isihifadhiwe katika jerikeni lililofungwa, kwani mwani na bakteria hufa humo. Kama bwawa la jirani lina ugonjwa, mbegu isichukuliwe huko. Kipimo cha ukomavu hakihitaji kifaa: mkulima huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akiacha kuona kiganja chake karibu na hatua hiyo, kwa sababu ya ukijani na si kwa sababu ya udongo, maji yamepevuka. Akikiona wazi, bado ni mabichi. Kikitoweka kabla ya kufika nusu ya mkono, mwani umezidi na usiku utakuwa wa hatari.

4.6 Kuwarudisha samaki. Samaki wachache wawekwe kwanza katika kizimba kidogo kwa siku mbili au tatu. Wakila na kuchangamka, wengine wafuate kwa awamu. Mifuko ya vifaranga ielee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, kisha maji ya bwawa yaingizwe mfukoni kidogo kidogo. Kwa perege 2 hadi 3 kwa mita ya mraba, bwawa letu huchukua 400 hadi 600. Kuweka nusu yao mwanzoni na nusu baada ya wiki mbili huwapa bakteria muda wa kuongezeka kwa kadiri taka zinavyoongezeka. Hii ndiyo kanuni ileile ya tangi la matumbawe.

5.0 Matangi ya zege mjini

Katika mji wa Arua, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ardhi ni finyu, na anayetaka kufuga kambare huelekea kwenye tangi la zege au la turubai. Hapa mfano wa tangi la matumbawe unarudi karibu kabisa, kwa kuwa hakuna tope na mara nyingi hakuna mwani wa kutosha. Bakteria hukaa kwenye utelezi wa kuta. Anayesugua kuta kwa brashi na sabuni hadi zing’ae ameuondoa mtambo wake wa kusafishia maji.

Tahadhari mbili zaidi zinahitajika. Zege jipya hutoa chokaa na kupandisha pH, na tumeona jinsi pH inavyoipa amonia makali. Tangi jipya, au lililopigwa lipu upya, lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutumiwa. Pili, maji ya bomba huwa na klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria. Yaachwe wazi juani, yakikorogwa, kwa siku moja au mbili. Tangi likihamishwa kutoka ua mmoja hadi mwingine, kitu cha kubeba si maji bali nyuso: matofali, mawe au vipande vya wavu vilivyokaa ndani kwa miezi, vikiwa vimelowa muda wote wa safari.

6.0 Maneno yanavyoongoza mikono

Miongozo mingi ya ufugaji wa samaki nchini Uganda imeandikwa kwa Kiingereza, na afisa ugani huitafsiri papo hapo. Arua huzungumza Kilugbara, Koboko huzungumza Kikakwa, na lugha zote mbili zina wasemaji ng’ambo ya mpaka. Kinubi, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili hukutana katika masoko na katika makazi ya wakimbizi. Kiswahili, ambacho marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, ndicho kinachoweza kubeba mwongozo mmoja kwa mkulima wa Koboko na kwa jirani zake wa Kongo na Sudan Kusini, ambazo sasa zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Lakini tafsiri ya papo hapo huwa na mitego. Kazi iliyoelezwa katika sehemu ya 4 mara nyingi huitwa “kusafisha bwawa”. Katika Kiswahili cha nyumbani, kusafisha ni kuondoa uchafu wote. Sufuria iliyosafishwa vizuri haibaki na masizi. Mkulima anayeambiwa asafishe bwawa, na aliye hodari wa kazi, atakwangua tope lote hadi udongo wa asili, atamwaga chokaa hai kwa wingi, atajaza maji maangavu, na atapongezwa kwa unadhifu. Vifaranga watakaowekwa siku hiyo wataingia katika maji yasiyo na chakula, yasiyo na bakteria, na yanayovuja. Kosa halitakuwa la mkulima. Alitekeleza neno alilopewa.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe. Kukarabati bwawa litumike badala ya “kusafisha” kwa kazi nzima. Kupumzisha bwawa ni kipindi cha kuliacha juani likauke. Tope hai na tope mfu zitofautishe tabaka la kahawia na tabaka jeusi. Maji mabichi na maji yaliyopevuka zieleze hali kabla na baada ya kujengeka kwa mwani na bakteria. Kitendo chenyewe kiitwe kupevusha. Mbegu ya maji ni maji ya kijani yanayochukuliwa ili kuharakisha kupevuka. Faida ya maneno haya ni kwamba mkulima tayari anayajua kutokana na shamba. Anayejua kwamba ndizi mbichi hailazimishwi kuiva kwa siku moja hahitaji kushawishiwa sana kwamba maji nayo yana muda wake.

7.0 Kalenda ya maji na kalenda ya fedha

Nile Magharibi ina kipindi cha ukavu kuanzia Desemba hadi Machi, na mvua hufikia kilele kati ya Agosti na Oktoba. Kalenda inayofuata hali hii ni rahisi kuieleza: kuvua Desemba au Januari, kupumzisha, kutoa tope na kukarabati kingo Januari hadi Machi, kujaza na kupevusha mvua zinapoanza, na kuweka vifaranga maji yakiwa yamepevuka.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Mradi unaopata fedha Julai hukuta mvua zikiongezeka, wakati ambapo sakafu ya bwawa haiwezi kukauka. Mradi unaokimbiza Juni 30 hushawishika kupeleka vifaranga ili hesabu zifungwe, hata kama bwawa limejazwa juma lililopita. Vifaranga wanaotoka maeneo ya Kampala hupita Karuma na Pakwach na kusafiri takriban kilomita 500 kabla ya kufika Arua, na wengine huendelea hadi Koboko. Hufika wakiwa wamechoka. Kumwaga samaki waliochoka katika maji mabichi ni kuunganisha madhara mawili ambayo kila moja peke yake lingeweza kuvumilika.

Kwa washauri wa sera, mambo manne yanafuata. Kwanza, mkataba wa kugawa vifaranga uwe na sharti la ukomavu wa maji, likithibitishwa na afisa ugani kwa kipimo cha kiwiko na, inapowezekana, kwa vipimo vya pH na amonia. Pili, ripoti za miradi zihesabu samaki walio hai baada ya siku 30, si idadi ya waliogawiwa. Hesabu ya waliogawiwa hupima usafirishaji tu. Tatu, fedha zitengwe kwa ajili ya mabwawa ya kungojea katika Arua na Koboko, ambamo vifaranga hupumzika kwa wiki moja au mbili na ambamo mbegu ya maji hupatikana kwa wakulima wote wa jirani. Nne, vifaranga wa sato watokane na wazazi wa Nile ya Albert kadiri inavyowezekana, ili wanaotoroka wasiwe tishio kwa samaki wa mtoni.

Mapendekezo haya yana gharama. Bwawa la kungojea huhitaji mlinzi na chakula, na sharti la ukomavu huchelewesha ugawaji. Afisa mwenye pikipiki moja na kata kadhaa hawezi kufika kila bwawa. Ndiyo maana kipimo cha kiwiko na istilahi za Kiswahili ni muhimu: vinamwezesha mkulima mwenyewe kuamua, na kumpa neno la kumwambia mwenye lori la vifaranga, “Maji bado mabichi, njoo baada ya siku kumi.” Mfumo wa ugawaji unapaswa kuandaliwa ili lori liweze kulipokea jibu hilo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuvunja na kujenga upya makao ya samaki yaliyokomaa ni kazi ya kuhamisha uhai usioonekana, na kwamba mahali pa uhai huo hutofautiana: katika tangi la matumbawe ni mwamba, katika tangi la zege ni utelezi wa kuta, katika bwawa la udongo ni ukijani wa maji na tope hai. Anayejua mahali hapo anajua cha kuhifadhi, cha kuacha, na muda wa kusubiri. Utafiti unaohitajika sasa ni wa aina mbili: upimaji wa siku zinazohitajika ili maji ya Arua na Koboko yapevuke katika misimu mbalimbali, na ukusanyaji wa maneno ambayo wakulima wa Kilugbara, Kikakwa na Kinubi tayari wanayatumia kwa hali za maji na tope, ili istilahi za Kiswahili zijengwe juu yake. Kazi ya kwanza ni ya wanasayansi wa samaki, na ya pili ni ya wanaisimu. Mwongozo wa mkulima utahitaji zote mbili ziwe katika ukurasa mmoja.